Moyo Ukisimama, Usikimbilie Gari Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Aliye Karibu

Mtu akianguka ghafla sokoni, kwenye daladala au msikitini, kinachofuata karibu kila mara ni hiki: wengine wanampepea, mmoja anammwagia maji usoni, mwingine anasimamisha bajaji, kisha watu wanne wanamshika mikono na miguu, wanamsukumiza ndani shingo ikiwa imepinda, na safari ya hospitali inaanza. Nia ni njema na kila mtu anakimbia. Lakini ikiwa moyo wa mtu yule umesimama, muda wote huo hakuna damu inayofika kwenye ubongo wake, na bajaji haiwezi kuifikisha. Kazi hiyo inafanywa na mikono juu ya kifua, palepale alipoanguka, kabla ya kumbeba.

Ninayemwandikia ni huyo aliye karibu: mke, mwanafunzi, konda, mlinzi wa getini, mama wa genge la jirani. Mbinu yenyewe, ya kukandamiza kifua, haihitaji udaktari. Mwaka 1960 ilipoelezwa na William Kouwenhoven na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, walisema wazi kwamba mtu yeyote, mahali popote, anaweza kuianza kwa mikono yake miwili. Kouwenhoven mwenyewe alikuwa mhandisi wa umeme.

Kinachotokea ndani ya kifua

Watu wengi huchanganya shambulio la moyo na moyo kusimama. Katika shambulio la moyo, mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo umeziba. Mgonjwa anaumwa kifua, anatokwa jasho, pengine anatapika, ila mara nyingi anaongea na anapumua. Huyo ndiye wa kupelekwa hospitali haraka iwezekanavyo. Moyo kusimama ni jambo jingine: moyo umeacha kusukuma damu. Mara nyingi, hasa kwa watu wazima wanaoanguka ghafla, moyo haujanyamaza kabisa; unatetemeka ovyo bila mpangilio, na kutetemeka huko hakusukumi chochote. Ndani ya sekunde chache mtu anapoteza fahamu. Shambulio la moyo linaweza kuleta hali hii, lakini pia huletwa na kuzama majini, kupigwa na umeme, kupaliwa, au kasoro ya moyo ambayo kijana alizaliwa nayo bila mtu kujua.

Ubongo huanza kuharibika dakika nne hadi sita baada ya damu kukatika. Kila dakika inayopita bila kufanywa lolote, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Hesabu mwenyewe dakika za kumbeba mtu kutoka katikati ya soko la Kariakoo mpaka barabarani, kupatana na dereva, kisha kukaa kwenye foleni.

Kukandamiza kifua kunafanya nini basi? Ukikandamiza vizuri, unasukuma karibu robo, pengine theluthi, ya damu ambayo moyo mzima ungeisukuma. Ni kidogo, lakini kinatosha kuufanya ubongo ungoje. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia visa zaidi ya 30,000, ulikuta kwamba waliokandamizwa kifua kabla gari la wagonjwa halijafika walikuwa hai baada ya siku 30 kwa asilimia 10.5. Ambao hawakuguswa: asilimia 4.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kwetu haya hayana faida, kwa sababu gari la wagonjwa lenyewe haliji. Naielewa, lakini siikubali. Ni kweli kwamba mtu mzima ambaye moyo wake unatetemeka atahitaji mashine ya kuushtua na baadaye hospitali, na pasipo hivyo wengi hawatapona hata ukikandamiza kwa ustadi. Lakini mtoto aliyetolewa kisimani, fundi aliyenaswa na umeme, au mtu aliyepaliwa na kipande cha nyama, anaweza kurudi kwa pumzi na mikono peke yake. Isitoshe, huwezi kujua ukiwa umepiga magoti pale chini ni yupi kati yao uliye naye.

Kumtambua ndani ya sekunde kumi

Usitafute mapigo mkononi wala shingoni. Hata wahudumu wa afya hukosea hapo, na utapoteza muda. Tazama mambo mawili tu.

La kwanza, je, anaitika? Mshike mabega yote mawili, mtikise, mwite kwa nguvu: "Mzee! Mzee! Unanisikia?" Mtu mwenye usingizi, mlevi au aliyezimia kidogo atakunja uso, atasukuma mkono wako, ataguna.

La pili, je, anapumua kawaida? Mlaze chali, inua kidevu kichwa kiende nyuma kidogo, kisha tazama kifua na uweke sikio karibu na pua. Kawaida maana yake ni kifua kupanda na kushuka kwa utulivu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Baada ya moyo kusimama, mtu anaweza kuendelea kwa dakika kadhaa kutoa mikoromo au kuvuta pumzi moja moja kwa nguvu, mdomo wazi, kama samaki aliyetupwa mchangani, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Huko si kupumua. Watu huiona hali hiyo wakasema "bado anahema, muacheni," au wakasema anakata roho na kuanza kumlakinia shahada au kumwombea. Dua haikatazwi, na wenye kuomba waombe. Lakini mikono ya mtu mmoja iwe kifuani muda huohuo, kwa sababu mikoromo ile ni dalili kwamba moyo umesimama sasa hivi na ubongo bado uko hai.

Pia moyo unaposimama mwili unaweza kutikisika kwa sekunde chache, watu wakadhani ni kifafa au wakasema amepandisha mashetani. Mwenye kifafa, degedege likiisha, hupumua kwa nguvu na kwa sauti. Mtikisiko ukiisha na huoni pumzi ya kawaida, anza kazi. Usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu wala njiti ya kiberiti, usimpake mafuta.

Haitiki na hapumui kawaida: hayo mawili yanatosha kuanza. Na ukikosea? Mtu ambaye moyo wake unapiga atashtuka na kulalamika ukimkandamiza, nawe utaacha, na madhara makubwa ni nadra. Ukikosea kwa upande wa pili, ukamwacha, hakuna kurudi nyuma.

Hatua zenyewe

*1. Hakikisha mahali ni salama.* Msogeze nje ya barabara ikiwa magari yanapita. Kama amenaswa na umeme, zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini; mshike bila hofu.

*2. Gawa kazi kwa kuelekeza kidole.* Ukipaza sauti tu "pigeni simu!" kila mtu atadhani mwenzake anapiga. Sema: "Wewe kaka mwenye shati la kijani, piga simu ya dharura, weka kwenye spika. Wewe dada, tafuta gari lenye nafasi ya kumlaza. Wewe, ulizia mashine ya moyo hotelini pale." Tanzania nambari ya dharura ni 112, Kenya 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199, Uganda 999 au 112, Rwanda gari la wagonjwa ni 912. Ndugu walioko Oman wapige 9999, Falme za Kiarabu 998, Uingereza 999, nchi nyingine za Ulaya 112, Marekani na Kanada 911. Nchi nyingi za Ulaya na Marekani anayepokea simu atakuelekeza namna ya kukandamiza na kukuhesabia, kwa hiyo usikate. Ukiwa peke yako, piga simu, washa spika, iweke chini kando ya kichwa chake, uendelee.

*3. Mlaze chali juu ya kitu kigumu.* Sakafu, udongo, lami. Godoro linabonyea, kitanda cha kamba kinabonyea, kiti cha gari kinabonyea. Nguvu yako itaishia huko badala ya kwenye moyo. Kama yuko kitandani, mshusheni chini hata kwa kumburuta na shuka.

*4. Weka mikono.* Piga magoti kando ya kifua chake. Weka kitako cha kiganja kimoja, ile sehemu nene karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Si upande wa kushoto, wala si juu ya tumbo. Weka kiganja cha pili juu yake, fungamanisha vidole. Nyoosha viwiko, mabega yako yawe juu kabisa ya mikono.

*5. Kandamiza kwa nguvu na kwa kasi.* Kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kirudi juu kabisa kabla ya kukandamiza tena. Wakati kinapopanda ndipo moyo unajaa damu. Tumia uzito wa mwili wako, si nguvu za mikono. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kwa kila sekunde. Hesabu kwa sauti, lakini usihesabu moja hadi thelathini mfululizo: ukifika "kumi na saba" neno ni refu na mikono itapungua mwendo. Hesabu moja hadi kumi, mara tatu. Waliokuzunguka wakihesabu pamoja nawe, mwendo utakaa vizuri zaidi, na umati utaacha kukuzonga.

Unaweza kusikia mbavu zikilia. Hutokea, hasa kwa wazee. Hakikisha mikono iko katikati, kisha endelea. Mbavu huunga.

*6. Baada ya 30, puliza pumzi 2, kama unajua na uko tayari.* Inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza kwa sekunde moja hadi uone kifua kikipanda. Mara mbili, kisha rudi kifuani mara moja. Usikae zaidi ya sekunde kumi bila kukandamiza. Hujajifunza, au unaogopa maradhi? Mfunike mdomo na pua kwa kitambaa chepesi, ukandamize bila kusimama. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, hiyo ni msaada kamili unaotosha dakika za mwanzo.

*7. Badilishaneni kila dakika mbili.* Hata kijana wa mazoezi huanza kukandamiza juu juu baada ya dakika mbili, na mwenyewe hajitambui. Anayepokea apige magoti upande wa pili akiwa tayari, mpokeane bila mkatiko.

Jambo moja ambalo haliandikwi vya kutosha: mwanamke akianguka hadharani, wanaume husita kumgusa, na tafiti za Marekani zimeonyesha wanawake hupata msaada huu mara chache kuliko wanaume. Kwetu kusita huko ni kukubwa zaidi. Kukandamiza unaweza kufanya juu ya nguo, hata juu ya baibui au sidiria. Ikilazimu kifua kibaki wazi kwa ajili ya mashine, waambie kina mama wasimame kwa kuzunguka wakishika khanga zao ziwe pazia. Hilo linachukua sekunde chache na linamhifadhia heshima yake.

Mashine ya kushtua moyo

Ni kisanduku kidogo kilichoandikwa AED, mara nyingi chini ya alama ya kijani yenye moyo na umeme wa radi. Ulaya, Marekani na Ghuba utaikuta viwanja vya ndege, maduka makubwa na stesheni. Afrika Mashariki bado ni adimu, lakini ulizia kwenye hoteli kubwa, viwanja vya ndege, migodi na maofisi makubwa.

Iwashe, kisha fuata sauti yake. Vua au chana nguo ya juu, kausha kifua kwa kitambaa, bandika kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, na kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mashine itapima yenyewe. Kama mshtuko hauhitajiki haitatoa, kwa hiyo huwezi kumshtua mzima kwa bahati mbaya. Ikisema watu wakae mbali, hakikisha hakuna anayemgusa, bonyeza kitufe, na urudi kifuani papo hapo bila kungoja kuona kama amezinduka. Mwenzako aendelee kukandamiza wakati wewe unabandika.

Nguvu ya mashine hii ikiwahi ilionekana katika utafiti wa mwaka 2000 uliofanywa kwenye nyumba za kamari za Marekani, ambako waliofundishwa kuitumia walikuwa walinzi. Kati ya walioonekana wakianguka moyo ukitetemeka na kushtuliwa ndani ya dakika tatu, asilimia 74 waliruhusiwa kutoka hospitali wakiwa hai; waliochelewa kupita hapo, asilimia 49. Wapenzi wa soka waliona jambo hilohilo tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen. Christian Eriksen wa Denmark alianguka katikati ya mechi, akakandamizwa kifua uwanjani, mshtuko mmoja ukamrudisha, na Februari 2022 alikuwa anacheza tena ligi ya Uingereza.

Mtoto, aliyezama, mjamzito

Mioyo ya watoto husimama zaidi kwa kukosa hewa, vivyo hivyo ya waliozama. Kwa hawa pumzi zina uzito mkubwa, kwa hiyo anza na pumzi 5, ndipo uendelee na 30 kwa 2. Mtoto kandamiza kwa mkono mmoja au miwili kulingana na umbo lake, kifua kishuke theluthi ya unene wake, kama sentimita 5. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja: zungushia mikono kifuani kwake, tumia vidole gumba viwili, kina cha sentimita 4, kichwa kisilazwe nyuma sana, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja. Puliza kwa kiasi cha hewa iliyo mashavuni mwako tu. Kama uko peke yako na huna simu, fanya hivi kwa dakika moja au mbili kabla ya kukimbia kuita watu.

Aliyezama usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo ili maji yatoke. Nimeona hili likisisitizwa ufukweni na wazee wenye nia safi kabisa, na linaua. Maji mengi yako tumboni; ukiyasukuma juu yataingia kwenye mapafu. Akitapika, mgeuze ubavu, futa mdomo, mrudishe chali, endelea.

Mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au zaidi: mtu wa pili alisukume tumbo kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama, kwa sababu akilala chali uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mikono ya kukandamiza inabaki palepale katikati ya kifua.

Lini kumpakia kwenye gari

Hili ndilo swali gumu kwa hali yetu, na nitalijibu kama ninavyoliona. Kama gari la wagonjwa linakuja kweli, baki hapohapo ukikandamiza hadi waliokuja wakwambie uache. Kama haliji, usianze na gari. Anza chini, wakati mtu mwingine anatafuta usafiri. Gari likifika, liwe lenye sakafu ya kumlaza chali: pikapu, kirikuu, Noah iliyokunjwa viti. Bodaboda na bajaji haziwezi, kwa sababu ndani yake hakuna namna ya kukandamiza, na safari ya dakika kumi bila kukandamiza inafuta kila mlichokifanya. Kumpandisha kusizidi sekunde chache. Wapande watu wawili wa kupokezana, dereva aendeshe kwa mwendo wa wastani, maana gari likiruka matuta mikono inatoka kidarini na nyinyi mnaweza kuumia. Na mtu apige simu hospitali mbele, aseme: "Tunamleta mgonjwa ambaye moyo umesimama, tunamkandamiza kifua." Hapo watawangoja mlangoni na vifaa.

Usikate tamaa mapema. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka kwenye uwanja wa White Hart Lane, London, tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Alihudumiwa palepale kwenye nyasi. Daktari wa moyo aliyekuwa mtazamaji tu, Andrew Deaner, akashuka kutoka jukwaani kusaidia, na kazi ikaendelea mpaka hospitali. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Akapona.

Acha pale tu anapoanza kupumua kawaida, kusogea au kufungua macho. Mhudumu wa afya anapokupokea. Mahali panapokuwa pa hatari. Au nguvu zinapokuishia kabisa na hakuna wa kukupokea. Akirudi kupumua lakini bado hana fahamu, mlaze ubavu, kichwa nyuma kidogo ili matapishi yatoke, na mtazame kifua bila kuondoa macho, maana moyo unaweza kusimama tena. Usimpe maji wala chai. Vibandiko vya mashine visibanduliwe.

Kujiandaa kabla

Jizoeze kukandamiza mto mgumu uliowekwa sakafuni, dakika mbili kamili kwa saa ya simu, ili mwili uujue mwendo na uchovu wake. Wafundishe na watoto wakubwa wa nyumbani. Mtoto wa miaka 12 anaweza kukandamiza, na hata mdogo zaidi anaweza kupiga simu na kuhesabu kwa sauti. Hifadhi kwenye simu yako nambari ya chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, uliyoijaribu mwenyewe ukaona inapokelewa. Vyama vya Msalaba Mwekundu vya Tanzania na Kenya hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza yenye sanamu la kufanyia mazoezi, na St John Ambulance wa Kenya pia. Kikoba, kamati ya msikiti, jumuiya ya kanisa au chama cha bodaboda kinaweza kuchanga na kumwita mkufunzi aje kuwafundisha wote siku moja.